Hindi la Kuchemsha, Siagi ya Wote: Mwongozo wa Kula na Kugawana Mezani

Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Mei, nyumba nyingi za Mbeya, Njombe na Iringa humkaribisha mgeni kwa mahindi mabichi. Shamba liko nyuma ya nyumba, sufuria ipo, na sijawahi kumwona mtu wa huku akikataa hindi la moto siku ya mvua. Shida huanza siagi inapowekwa katikati ya meza. Ugali wa sinia moja tunajua kuula. Kila mtu alifundishwa tangu mdogo kumega upande wake bila kuvuka kwa mwenzake. Siagi hatukufundishwa na mtu. Basi watu wanane wenye mahindi ya moto mikononi hulitazama bakuli moja dogo, na kila mmoja huamua lake. Mmoja analiviringisha hindi zima juu ya siagi. Mwingine anachota kwa kisu alichotoka kukilamba. Wa tatu ana haya, anakula kavu na kusema ndivyo anavyopenda.

Ninachoelekeza hapa kinasimama juu ya kanuni moja. Siagi ni ya wote, hindi ni la mtu mmoja, na kati ya hivyo viwili lazima pawe na sahani. Ukiishika hiyo, mengine utayatambua mwenyewe hata mahali ambapo sikufika kuyaeleza.

Hatua ya 1: Pata hindi linalofaa

Fungua ganda kidogo upande wa ncha, kisha bonyeza punje kwa ukucha. Yakiruka maziwa, hilo ni la kuchemsha. Ukucha ukiingia kwa shida na ndani ukakuta uji mzito, lipeleke kwenye mkaa, ni la kuchoma. Ukucha ukikataa kabisa, liache likauke, litakuwa la kande au la unga. Kwa nje, tafuta hindi ambalo ndevu zake zimekauka na kuwa kahawia huku maganda yakiwa bado kijani kibichi.

Nunua likiwa na maganda yake, na nunua siku ileile ya kula. Hindi likishavunjwa kwenye bua, sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha jambo hilo. Ndiyo maana lililolala kwenye gunia sokoni Mwanjelwa tangu jana halina utamu wa lile la asubuhi hii, hata kama yametoka shamba moja. Likilazimika kusubiri, lisubiri kivulini. Wenye vinyungu kule Iringa na Njombe wana bahati ya pekee: wanalima mabondeni kiangazi, na wakati wengine ndio kwanza wanasubiri mvua za Novemba, wao tayari wana mahindi mabichi ya kumpa mgeni.

Ukiwa na mgeni kutoka Ulaya au Marekani, mwambie mapema kwamba hili si lile hindi la njano alilozoea. Kwao huchemshwa mahindi matamu, aina iliyokuzwa makusudi ili ibaki na sukari na ulaini. Letu ni jeupe, la unga, linataka kutafunwa. Wengi hulipenda wakishajua wanachokula. Wasipoambiwa hudhani halijaiva.

Hatua ya 2: Chemsha, kisha lichuje vizuri

Mapishi ya Kimarekani husema dakika tano. Ukiyafuata kwa hindi la Uyole utawapa watu kazi ya taya. Hesabu dakika 30 hadi 40 tangu maji yachemke, na kama hindi limekomaa kidogo, saa nzima. Mwinuko nao una mchango wake. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Njombe, iliyo juu zaidi, huchemka chini ya hapo kidogo. Kyela, karibu na ziwa, huchemka kwenye kama 98. Kwa hiyo shangazi aliyetoka Kyela akikwambia kwake yanaiva upesi, hajisifu.

Usiyamenye yote. Acha maganda mawili matatu ya ndani, ondoa ndevu zinazoning'inia tu, kisha yapange kwenye sufuria. Maganda hutunza joto, na mezani yana kazi nyingine: ukiyavuta nyuma na kuyafunga fundo, mlaji anapata mshikio. Wamarekani wana viuma vidogo vyenye meno mawili ambavyo huchomekwa kwenye ncha zote mbili za gunzi ili mikono isiungue. Fundo la ganda linatosha, na hulilipii.

Dakika tatu nne kabla ya kula, yatoe majini, yaweke kwenye chujio au sinia yamalize mvuke. Wapishi wengi huiruka hatua hii. Siagi haishiki penye maji. Hupakwa, huteleza, huishia sahanini, na mlaji anarudi bakulini akidhani alichota kidogo. Nusu ya uroho wa siagi unaoonekana mezani unatokana na mpishi aliyeleta mahindi yanayochuruzika. Yakishakauka kidogo juu, yaingize kwenye hotpoti na ufunike.

Na usipake siagi huko jikoni, hata kama unataka kurahisisha. Mezani hakosi mtu aliyekatazwa mafuta na daktari, au ambaye maziwa humvuruga tumbo, au mwenyeji wa siku zote anayetaka ndimu yake na pilipili ya kusaga na chumvi basi. Ukipaka yote, umewaamulia.

Hatua ya 3: Andaa siagi

Soma pakiti kwanza. Ukiomba siagi dukani, mara nyingi utapewa majarini, ambayo ni mafuta ya mimea. Majarini haina kosa lolote la adabu, na ina faida ya kupakika hata kwenye baridi, lakini siagi ya maziwa ndiyo inayoyeyuka vizuri na kushuka kati ya punje. Ukiweka zote mbili mezani, sema ipi ni ipi, maana wapo wanaokula moja tu kati ya hizo.

Huku kwetu maziwa si tatizo. Rungwe, Njombe na Iringa kuna ng'ombe wengi wa maziwa, na juu kabisa Kitulo kuna shamba la mifugo la serikali. Anayefuga anaweza kujitengenezea. Chemsha maziwa, yaache yapoe usiku kucha mahali pa baridi, asubuhi engua malai ya juu. Kusanya malai ya siku kadhaa, yakitunzwa kwenye baridi, kisha yatie kwenye chupa pana yenye mfuniko, ijae nusu tu, na utikise. Mwanzo utasikia maji, halafu utasikia kimya kwa sababu malai yamekuwa mazito, halafu ghafla madonge yanaanza kugonga chupa. Chuja maziwa yaliyobaki (yanafaa kukandia mandazi), osha madonge kwa maji baridi mara mbili tatu mpaka maji yawe safi, kamua, tia chumvi. Baridi ya Makete hapa ni msaada. Kyela utatikisa mpaka uchoke, usipotafuta maji ya friji. Kwa makadirio, lita 20 za maziwa yenye mafuta ya kutosha hutoa kilo moja, kwa hiyo lita tano ni robo kilo.

Robo kilo hiyo inatosha watu wangapi? Kijiko kimoja cha chakula, yaani gramu 15 hivi, kinatosha hindi moja kubwa. Pakiti ya gramu 250 inakwenda na mahindi 16. Fanya hesabu hiyo kabla ya kualika, kwa sababu siagi inayoisha kabla ya kumfikia wa mwisho huleta mazungumzo yasiyopendeza njiani watu wakirudi kwao.

Ulaini wake ni jambo la mwenyeji. Siagi ngumu humfanya mgeni abomoe, akwangue, arushe kipande kwenye kitambaa cha meza, kisha aonekane hana adabu kumbe kosa ni la friji. Itoe saa moja kabla. Njombe na Makete saa moja haitoshi, basi iweke karibu na hotpoti, ila isiiguse moja kwa moja. Kyela na Usangu ni kinyume: bakuli la siagi likae ndani ya bakuli kubwa lenye maji ya baridi, la sivyo utawakaribisha watu kwenye supu.

Ukitaka kuifanya ya sherehe, iponde pamoja na chumvi, kitunguu saumu kilichosagwa na pilipili kidogo. Weka na nyingine isiyo na kitu, kwa ajili ya watoto. Ndimu usiitie humo. Maji yake hayachanganyiki na mafuta, na kwa maoni yangu ndimu na siagi kwenye hindi moja hazipatani. Chagua moja.

Siagi isipokuwepo, liko parachichi. Rungwe na Njombe yameiva kila upande, na parachichi lililoiva sawasawa, likapondwa na chumvi, hupakwa kwenye hindi kwa kanuni zilezile zinazofuata hapa chini. Lina raha moja zaidi: unaweza kumpa kila mtu nusu yake na kijiko, na suala la kugawana likaisha papo hapo.

Hatua ya 4: Gawa kabla watu hawajakaa

Ukiweza kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili. Kata siagi vipande, kila mtu kipande chake kwenye kisahani kidogo au pembeni mwa sahani yake, na kinachobaki kiweke katikati kwenye bakuli lenye kisu chake.

Sababu si usafi peke yake. Mezani pale mahindi ni ya bure, yametoka shambani, mtu akila matatu mwenyeji anafurahi. Siagi imenunuliwa. Kila mtu anajua hivyo, na macho yanafuata mkono wa anayechota. Mkwe mpya atachota kidogo mno, kijana aliyetoka chuo atachota pande, na mama mwenye nyumba atatabasamu huku akihesabu. Kipande kilichokwisha kugawiwa kinaondoa hayo yote, kwa sababu hakuna anayeomba na hakuna anayepimwa.

Mezani ongeza chumvi kwenye kichupa au kijikoni, tishu au vitambaa vibichi vya kufutia mikono, sahani tupu ya magunzi, vijiti vya meno, na maji ya kunywa. Uma hauhitajiki, ila kisu kimoja chenye makali kiwepo, utaona sababu yake.

Hatua ya 5: Kunawa

Aliye mdogo ndiye anayeshika birika na beseni, na anaanza na mgeni au mkubwa wa umri. Maji ya vuguvugu, kila mtu akinawa mikono yote miwili. Kwenye ugali unaweza kujisahau ukanawa wa kulia tu. Hindi linataka yote. Wengine huuliza kama si utovu wa heshima kuushirikisha mkono wa kushoto. Hapana, hindi halishikiki vinginevyo. Ila gawanya kazi: wa kushoto ushike ncha ya hindi na ubaki hapo, wa kulia ndio uendao kwenye vyombo vya pamoja, uwe chumvi, siagi au jagi la maji.

Baada ya kunawa, salamu za mkono zimekwisha. Anayechelewa kuingia huamkiwa kwa mdomo, shikamoo na marahaba au kamwene ikiwa ni nyumba ya Kihehe au Kibena, na kama analazimisha mkono unampa kiwiko. Naye hukaribishwa hindi hapohapo. "Karibu mahindi, shemeji." Akijibu ameshiba, mwambie mara ya pili. Wengi hushiba mara ya kwanza tu.

Hatua ya 6: Kuchota siagi ya bakulini

Hapa ndipo kanuni niliyoitaja inapofanya kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siagi ya katikati ina kisu au kijiko chake, na chombo hicho hakiondoki. Kinaingia kwenye siagi, kinaweka kipande kwenye sahani yako, kinarudi bakulini. Hakigusi hindi lako, hakigusi kisu chako, na hakipiti mdomoni hata kama kuna kibaki kidogo kinachokuvutia. Ukishaweka kipande sahanini, tumia kisu au kijiko chako mwenyewe kupaka. Waalimu wa adabu za mezani huko Marekani na Uingereza wanafundisha hivyohivyo: siagi kwanza iende sahanini, ndipo iende kwenye chakula. Kuviringisha hindi juu ya mche wa siagi ni kitu kinachofanyika sana Marekani, majumbani, na zipo familia zinazotenga mche mmoja kwa kazi hiyo tu. Ni sawa kwa watu wa nyumba moja waliokubaliana. Kwa mgeni, au kwenye meza ya kanisa, au ukweni, usifanye.

Sababu ya kimatumizi ipo pia. Hindi lililoviringishwa huacha kwenye siagi maji, vipande vya punje, nyuzi za ndevu na mate. Siagi safi hukaa siku nyingi. Iliyoingiliwa na wanga na maji huchacha na kuota ukungu upesi. Mtu mmoja ameharibu robo kilo.

Chota mara moja, kiasi cha hindi moja. Ukiongeza hindi, utachota tena. Siagi ikiwa mbali, usinyooshe mkono juu ya hindi la jirani, omba: "Mama, naomba unisogezee siagi." Anayeombwa asichote kwanza yeye, bakuli lipite, atachota likirudi. Bakuli likianza kuzunguka, linaanzia kwa mgeni au mzee na kwenda upande mmoja mpaka lirudi. Likikufikia likiwa na kidogo na bado kuna watu, chukua nusu ya ulichotaka, na mwenyeji mwenye akili atakuwa ameshaona na kuinuka kwenda jikoni.

Mikono yako ikishakuwa na mafuta, ifute kabla ya kushika kisu cha pamoja. Mpini wenye mafuta ni kero kwa kila anayefuata, na hakuna anayejua amlaumu nani.

Hatua ya 7: Kupaka na kula

Usipake hindi zima. Paka mistari miwili mitatu unayokwenda kuila sasa, nyunyiza chumvi, kula, kisha geuza na upake mingine. Ukipaka lote, upande wa chini unadondosha kwenye kidevu na mikono, na nusu ya siagi inaondoka na tishu. Siagi itangulie, chumvi ifuate. Chumvi hunata kwenye mafuta, lakini kwenye punje kavu hukimbia.

Kula kwa mstari au kwa kuzunguka? Watu hubishana sana juu ya hili na mimi sioni sababu. Hesabu ukitaka: mistari ya punje kwenye gunzi kwa kawaida huwa idadi inayogawanyika kwa mbili, 12, 14, 16, kwa sababu punje huota zikiwa jozi. Anayekula kwa mstari anapata mpangilio mzuri wa kupaka siagi kidogo kidogo, na uso wake hubaki safi zaidi. Anayezunguka anafurahi zaidi, nadhani. La muhimu ni kwamba uanzie upande mmoja uendelee, badala ya kung'ata hapa na pale ukaacha hindi lenye vipara.

Viwiko vikae karibu na mbavu, maana ukivipanua kwenye benchi la watu wanne unamsukuma mwenzako. Ng'ata, teremsha hindi sahanini, tafuna mdomo ukiwa umefunga, ndipo uzungumze. Hindi si filimbi, halina sababu ya kukaa mdomoni dakika tano mfululizo. Kufyonza gunzi kuna utamu wake, hasa la kuchemshwa na siagi iliyoingia ndani, na kwako ukiwa na wanao fyonza tu. Mbele ya wageni sauti ile haipendezi.

Hindi la kuchoma lina taratibu zake. Likinunuliwa barabarani, Makambako au Mafinga basi linaposimama, hakuna siagi wala sahani, ni ndimu na pilipili na kulisogeza dirishani ili jirani asipate masizi. Nyumbani unaweza kulipaka siagi likiwa bado na moto sana, kwa namna ileile ya mstari kwa mstari, lakini futa majivu kwanza.

Hatua ya 8: Kuvunja na kugawana hindi

Hindi moja linaweza kuliwa na watu wawili, lakini huvunjwa kabla ya kung'atwa. Likishapita mdomoni ni lako mpaka mwisho, hata mtoto wako mwenyewe usimpe kipande cha upande ulioula mbele ya watu. Lishike ncha zote mbili kwa kitambaa, vunja kwa mara moja kuelekea chini. La kuchemsha huvunjika bila shida. Likigoma, kile kisu chenye makali kina kazi yake hapa, kwenye ubao, si juu ya sahani.

Upande wa kitako una punje kubwa na nyingi, upande wa ncha una ndogo na laini. Mgeni hapewi nusu. Akiomba nusu mpe upande wa kitako. Ncha ni ya watoto.

Hatua ya 9: Wazee, watoto na wenye meno mabovu

Babu asiye na meno asiwekewe hindi zima mbele yake kwa ajili ya heshima. Hiyo ni dhihaka hata kama haikukusudiwa. Mpukuchulie. Toa mstari mmoja kwa ncha ya kisu ili upate nafasi, kisha kwa kidole gumba sukuma mstari unaofuata kuelekea kwenye nafasi hiyo. Punje zinatoka nzima moja baada ya nyingine. Mistari ikiwa jozi, kazi inakwenda haraka. Ziweke kwenye bakuli zikiwa za moto, tia siagi yake na chumvi, changanya, mpe na kijiko. Kama hata kutafuna ni shida, ziponde kwenye kinu kidogo pamoja na siagi. Fanya hivyo jikoni ili lifike mezani kama chakula chake, si kama msaada.

Njia hiyohiyo inafaa kwa mwenye vyuma vya meno, kwa mtoto anayeng'oka meno ya mbele, na kwa bibi harusi aliyepakwa rangi ya mdomo. Kwenye karamu rasmi ndiyo inayotumika: mahindi hukatwa kutoka kwenye gunzi, na hakuna anayeonekana akiguguna.

Mtoto mdogo kabisa asiachwe na punje nzima bila mtu wa kumwangalia, humpalia kirahisi.

Ukweni

Hili halina hatua, ni tahadhari. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mtoto alitakiwa kumwepuka kabisa baba mkwe, hata kukutana naye uso kwa uso, sembuse kukaa naye meza moja na mafuta yakitiririka mkononi. Familia nyingi zimelegeza, mjini hasa, lakini nyingine bado hupanga meza mbili bila kutangaza. Ukiwa mgeni Tukuyu au vijijini kwake, usimsukume mke wa kijana akae "kwa kuwa tuko familia moja". Ngoja uone nani anakaa wapi. Na ukiwa mkwe wewe mwenyewe na hujui, omba upukuchuliwe au jipukuchulie. Anayekula kwa kijiko hakosei.

Hatua ya 10: Meno, mikono, magunzi

Hindi huingia kwenye meno ya kila mtu, tajiri kwa maskini. Chukua kijiti, inuka, nenda nje au geuka ukifunika mdomo kwa mkono wa pili. Kijiti kilichotumika hakirudi mezani.

Kunawa kwa mwisho kuwe kwa maji ya moto kiasi na sabuni. Siagi haitoki kwa maji baridi, utawapa wageni mikono inayoteleza na tishu nusu bunda.

Magunzi yalazwe kwenye sahani yake, kila mtu apeleke la kwake. Kuyarundika mbele ya mtu ili ionekane amekula mengi ni utani wa shemeji kwa shemeji, usiufanye kwa usiyemzoea. Baada ya hapo yakatwekatwe wapewe ng'ombe. Mbwa asipewe gunzi hata akililia: yeye hukata vipande vikubwa na kumeza, na gunzi halisagiki tumboni, linaweza kuziba utumbo na kumwua.

Mahindi yaliyobaki yaache ndani ya maganda yake, asubuhi yageuze juu ya mkaa dakika chache yaliwe na chai. Siagi ya bakulini ambayo haikuguswa irudi kwenye friji ikiwa imefunikwa. Ile ya kwenye visahani vya watu isichanganywe nayo. Ikusanye, kaangia mboga au mayai jioni hiyohiyo.